Kukaa na Asiyepona

Kisangani mgonjwa halazwi peke yake. Ndugu humfuata na sufuria, makaa na mkeka, wakamtwangia lituma, yaani ndizi za kuponda. Lakini saratani ni ugonjwa mrefu: pesa huisha, ndugu hurudi shambani. Hapo mtu wa kujitolea, awe wa parokia au wa msikiti, hukutana na swali gumu: kuna faida gani kumtembelea mtu usiyeweza kumponya?

Katika Biblia, rafiki za Ayubu walijibu vizuri kabla ya kufungua midomo. Walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, kimya. Walikosea walipoanza kueleza kwa nini anateseka. Waislamu nao wana hadithi katika Sahihi Muslim: Siku ya Kiyama Mungu atamuuliza mja kwa nini hakumtembelea Yeye alipougua, yaani katika mja wake mgonjwa.

Hata hivyo, faraja isiwe kisingizio cha kuyaacha maumivu. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, huduma ya wagonjwa wasiopona, mjini Kampala mwaka 1993, alitegemea mofini ya kunywa, dawa ya bei nafuu ya kutuliza maumivu. Anayelia kwa maumivu hasikii sala.

Unayekwenda wodini kesho, mpelekee maji, umkate kucha, uulizie dawa yake. Usimwambie kwamba Mungu anamjaribu.