Andikeni Leseni Mkiwa Bado Marafiki

Wanangu, nimewasikiliza vya kutosha. Mmebishana juu ya leseni ya programu yenu hadi wawili wenu hawasalimiani. Huyu anataka GPL, yule anataka MIT, na kila mmoja anamwita mwenzake adui wa uhuru. Kelele zimenichosha, lakini kunyamaza siwezi. Kazi mnayotaka kuivunja inasimama juu ya jasho la waliowatangulia hapa hapa Kisumu Ndogo, Kibera.

Kabla ya 2009, ukifungua ramani ya Nairobi, Kibera ilikuwa karibu tupu. Watu wamejaa, ramani haiwaoni. Mradi wa Map Kibera ukawakusanya vijana wa vijiji hivi wakiwa na vifaa vya GPS. Wakaingia vichochoroni, wakaruka mitaro ya maji machafu, wakatia alama: hapa maji yanauzwa, hapa choo, hapa zahanati, hapa shule. Kazi hiyo ikawekwa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, yeyote aitumie bila kulipa, mradi ataje ilikotoka.

Sasa sikieni yaliyoikuta OpenStreetMap yenyewe. Leseni yake ya kwanza, ya Creative Commons, ilitungwa kwa ajili ya maandishi, picha na nyimbo. Lakini mahali bomba lilipo si utunzi wa mtu, na katika nchi nyingine hakimiliki hailindi jambo kama hilo. Ikabidi wahamie ODbL, leseni ya hifadhidata. Basi kila mchangiaji akaulizwa kama anakubali, kwa sababu alichotoa alikitoa kwa masharti ya zamani. Mabishano yalichukua miaka. Wako waliokataa kwa kushika msimamo, wako ambao hawakupatikana tena. Mwaka 2012 michango yao ikaondolewa, na Septemba mwaka huo leseni mpya ikaanza. Fikirini: mtu ameichora barabara, imechorwa sawasawa, inafutwa kwa sababu barua pepe aliyotumiwa haijajibiwa.

Hilo ndilo linaloniuma ninapowaona mkigombana kazi ikiwa imefika nusu.

Wewe wa MIT, najua unataka programu ifike mbali, hata kampuni iichukue bila woga. Ni hoja ya haki. Lakini kampuni hiyo ikiiboresha na kuufunga msimbo wake, usije ukalia. Wewe wa GPL unataka anayeigawa programu agawe na msimbo wake, naye awaachie wengine uhuru aliopewa. Moyo wangu uko kwako, sifichi. Kibera imehojiwa, imepigwa picha, imeandikwa, na mara nyingi matokeo hayakurudi kwa mwenyeji. Ila kumbuka, mtu akiiweka programu kwenye seva yake na kuuza huduma tu, GPL haimlazimishi kutoa chochote. Kama hofu yako ni hiyo, soma AGPL. Umetukana watu sana kwa ajili ya leseni ambayo hujaisoma hadi mwisho.

Kwa hiyo leo msiongeze mstari hata mmoja. Andikeni majina ya wote walioweka mkono humo, hata aliyerekebisha kosa dogo la tahajia. Kila mmoja aulizwe anakubali leseni ipi, jibu lake liwekwe kwa maandishi. Na yule dada yenu aliyehamia Kawangware apigiwe simu jioni hii, kabla hajabadilisha namba.