Jiko Linalosafiri

Je, aliyebeba jiko lake njiani amesafiri kweli? Swali linawahusu hasa Wamarekani wanaozunguka nchi yao kwa magari yenye kitanda, friji na jiko la gesi, ambao kila asubuhi hukaanga mayai na kuchemsha kahawa palepale walipolala. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia Lucilius kwamba kubadili mahali hakumponyi mtu, kwa kuwa popote aendapo hujibeba mwenyewe. Kwa hoja hiyo, kikaango kimeongeza mzigo tu. Naona vingine. Staftahi ya kujipikia yaonyesha kuwa makao ni tendo linalorudiwa zaidi kuliko kiwanja: mayai yakikaangwa Maine leo na Montana wiki ijayo, kinachodumu ni mikono na utaratibu wake.

Atasema mtu kwamba huko ni kuukimbia ugeni, maana mgeni hula cha mwenyeji, na huyu amejifungia na chumvi yake. Pingamizi hili lina uzito. Kwa wale wasioshuka hata kumsalimu jirani wa kambini, ni kweli tupu. Lakini mwandishi John Steinbeck, aliyezunguka Marekani mwaka 1960 kwa gari la namna hiyo pamoja na mbwa wake Charley, aliwakaribisha ndani wavunaji viazi kutoka Kanada waliopiga kambi karibu naye huko Maine. Bila meza yake asingeweza kuwa mwenyeji wao. Anayekula mgahawani hulipia chake akaondoka. Mwenye jiko huweza kuvunja yai la ziada kwa asiyemjua.