Siki ya Maganda ya Tufaha

Msimu wa matufaha hapa Lushoto, jikoni kwangu hakitupwi kitu. Matufaha yetu ni madogo kuliko yale ya Afrika Kusini yanayouzwa supamaketi za Dar es Salaam, na ni machachu zaidi, kwa hiyo yanapenda sufuria. Mengine nayapika na iliki na mdalasini kwa futari, mengine yanakuwa jamu. Yale machanga naweka achari, kama mama alivyonifundisha kule Tanga kwa maembe mabichi. Maganda yanaingia kwenye chupa kubwa ya kioo kuwa siki. Mwenzangu wa darsa, alipoiona rafu yangu, akaniuliza: “Dada, na chupa zote hizi, tawakkul, huko kumtegemea Mungu, iko wapi?”

Swali si la kipuuzi. Imepokewa kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akiweka kitu kwa ajili ya kesho. Na imepokewa kwa Umar kwamba Mtume aliuza tende za Banu Nadhir akawawekea ahli zake chakula cha mwaka. Wanazuoni wamezipatanisha riwaya hizo mbili: hakujiwekea mwenyewe, aliwawekea waliomtegemea. Kwa upande wa jamu jibu hilo linanitosha. Nina wajukuu.

Kwa siki halinitoshi.

Jamu ni kazi ya mkono mwanzo mwisho. Unakatakata, unachemsha na maganda machache yaliyofungwa kitambaani, maana humo ndimo mlimo na ule utelezi unaoigandisha. Unatia sukari karibu sawa na uzito wa tunda, unakamulia ndimu, unakoroga mpaka povu jepesi linaisha na kubaki mapovu mazito yanayopasuka polepole. Unadondosha tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji; ukilisukuma kwa kidole likajikunja, unaepua. Hakuna wakati ambao hujui nini kinatendeka, wala nani anakitenda.

Siki ni habari nyingine. Maganda, maji, sukari kiasi, na kitambaa juu badala ya kifuniko, kwa kuwa inataka hewa. Baada ya siku chache inaanza kutoa povu bila moto, na harufu yake unaijua. Nisizunguke: ni kileo. Hamira ya asili iliyo kwenye ganda imekula sukari. Ukiiacha, bakteria wanakuja kukigeuza kileo hicho kuwa asidi, na wiki kadhaa baadaye una siki, kitoweo ambacho Mtume mwenyewe alikisifu. Sasa hizo wiki za katikati, rafuni kwangu kulikuwa na nini?

Wengi wetu huku ni Mashafii kwa madhehebu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameliweka katika kitabu chake, Minhaj, kwa maneno machache sana: mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki, ni twahara, ukitiwa kitu ili ugeuke, si twahara, ukihamishwa tu kutoka juani kwenda kivulini, au kinyume chake, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba ni twahara. Wahanafi wanaruhusu hata kutia kitu. Nawawi alikuwa akizungumzia zabibu, mimi nina maganda ya tufaha, ila ustadhi wetu anaona naweza kupimia hapo.

Hayo ya jua na kivuli ndiyo yaliyonishika. Watu hupenda kumtaja yule ngamia: mfunge, kisha mtegemee Mungu. Nimechoka naye kidogo, kwa sababu amegeuzwa kibali cha kila kitu. Tunafunga, tunakaza, tunaongeza kamba, halafu tunasema Mungu atajaalia, ilhali hatukumwachia hata fundo moja. Chupa ya siki hainipi nafasi hiyo. Mkono unaruhusiwa kuibeba, kuitafutia joto au ubaridi, na ukishafika kwenye mdomo wa chupa, basi. Nia nayo inahesabiwa: juisi iliyokamuliwa ili iwe mvinyo, ikiwa mvinyo humwagwa, iliyokamuliwa ili iwe siki huachwa imalize safari yake. Chupa mbili zenye harufu moja, hukumu mbalimbali.

Lakini kuna mama wa siki, ule utando mnene, mtelezi, unaoota juu ya siki ya zamani. Ukitupia kipande katika chupa mpya, kazi inakwenda upesi. Je, huko si kutia kitu? Ustadhi akanionyesha kwamba vitabu vya Kishafii vinataja siki kumiminwa juu ya juisi kabla haijawa mvinyo, na vinaihesabu kuwa imefika kwenye siki bila kupitia mvinyo. Mwanzoni, basi, ndiyo. Ikishaanza kunuka, hapana.

Mwanangu anasoma kemia, na hakukubali. “Mama, kileo kinapita tu hapo hata ukitia mwanzoni. Bila kileo hakuna siki. Tofauti ni kwamba hukisikii.”

Nikamwambia fiqhi haikutuagiza darubini. Inaangalia kinacholevya, na kile nilicho nacho baada ya kumimina kikombe kizima cha siki kali hakimlevyi mtu. Anasema huko ni kukwepa. Mimi nasema kama tungehukumu kwa kila kinachopita ndani ya chakula tusikione, hata mkate ungetushinda. Amelipeleka kwa ustadhi mwenyewe, na kwa wiki mbili sasa wanabishana kila baada ya alasiri, bila hata mmoja wao kuniuliza anayetengeneza siki ni nani.