Mtoto Hakui kwa Mpito



Safari hii tumeona vema kujibu swali ambalo kijana mmoja alituuliza baada ya mazishi. Tulikuwa tumemzika mzee wetu aliyetoka upande wa Masisi. Tulipokuwa tunashuka kutoka makaburini, kijana yule alitukaribia akauliza kwa sauti ya chini: "Mchungaji, huyu mzee aliishi, au alikuwa anangojea tu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tutaliombea jambo hilo, kama wachungaji tunavyosema tunaposhindwa. Lakini swali lilitufuata mpaka hemani. Mzee yule alikimbia kwake mara ya kwanza katika vita vya mwaka 1993. Alirudi, akakimbia tena, akarudi, akakimbia tena. Ukihesabu, usiku aliolala chini ya shitingi na katika nyumba za watu unazidi ule aliolala katika nyumba yake mwenyewe. Kijana hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa sababu yeye mwenyewe ana miaka kumi na tisa, na anaogopa.

Kambi yetu inaitwa kambi ya mpito. Jina hilo ni sahihi kwa upande wa serikali na HCR, maana watu hupokelewa hapa kisha hupelekwa kwingine. Hatari ni pale jina la mahali linapokuwa jina la maisha. Tunasema: watoto watasoma vizuri tutakapofika. Tutamheshimu baba tutakapopata kazi. Mzee tutamsikiliza tukirudi nyumbani. Ndiyo maana tunauliza leo: je, umri wa mtu unaweza kungoja?

Tulipokuwa katika chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa malezi ya kichungaji alitufundisha habari za mtaalamu mmoja aitwaye Erik Erikson. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, na mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani Ujerumani, aliondoka Ulaya pamoja na mke wake na watoto wao, akaenda Marekani. Basi naye alikuwa mtu wa kuhama. Katika kitabu alichotoa mwaka 1950 alieleza kwamba maisha ya mwanadamu yana majira manane, tangu mtoto anyonyaye hadi mzee, na kila majira yana pambano lake. Mtoto mchanga anapambana kujua kama dunia ni ya kuaminika. Kijana anapambana kujua yeye ni nani. Mtu mzima anapambana kuzaa kitu kitakachobaki baada yake. Mzee anapambana kuyatazama maisha yake yote bila kukata tamaa.

Erikson alifariki Mei 1994. Miezi miwili baadaye, Julai, mamia ya maelfu ya watu walipita hapa Gisenyi wakivuka kwenda Goma. Tunaijua barabara hiyo. Sisi wengine tuliipita kwa upande wa pili tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na moto wake ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Na Januari 2025, vita vilipofika Goma, watu walivuka tena. Basi tuyapime majira ya mwanadamu kwa barabara hii yetu.

Tuanze na utoto. Usiku ule wa 2002 tulikuwa vijana, na tuliona jambo ambalo hatujalisahau. Nyuma yetu mbingu ilikuwa nyekundu, watu wanasukumana, wengine wanalia. Mbele yetu alitembea mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, na mtoto yule amelala usingizi. Nyumba yake pengine ilikuwa imekwisha kuungua. Lakini kwake dunia ilikuwa ni mgongo ule, na mgongo ulikuwa salama. Hapo tulijifunza kwamba mtoto mdogo haishi katika nchi. Anaishi kwa mtu. Anayempoteza mtu huyo ni mkimbizi hata akiwa nyumbani kwao, na aliye naye anaweza kukua vema hata hemani.

Lakini tusijidanganye kwamba upendo peke yake unatosha. Madaktari wanatufundisha kwamba ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa tangu tumboni hadi miaka miwili. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha wakati huo hudumaa, na ukimpa sahani mbili akiwa na miaka ishirini, hurudishi kile kilichokosekana. Hapa tunapenda kusema neno zito kwa wababa wenzetu. Deni nyingine zinaweza kungoja, lakini deni la mtoto wa mwaka mmoja lina tarehe. Baba anayeuza mgao wa chakula ili anywe pombe, akisema atafidia mwezi ujao, amekopa kwa mtu ambaye hawezi kulipwa.

Baada ya utoto unakuja ujana, na hapa sisi wenyewe tuna la kuungama. Mwaka jana, mbele ya ibada nzima, tulimsimamisha msichana wa miaka kumi na mbili tukamsifu. Mama yake anaumwa. Yeye ndiye anayechota maji, anayepika, anayembeba mdogo wake, anayesimama foleni. Tulisema, "Tazameni mtoto mwenye akili, ni mtu mzima kweli." Watu wakapiga makofi. Yeye aliangalia chini. Baada ya ibada mama mmoja mzee alitushika mkono akasema, "Mchungaji, mmemsifu punda kwa sababu habishani na mzigo."

Neno hilo lilituchoma. Nchi hii ya Rwanda inajua habari hizo, maana baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 maelfu ya watoto walibaki wakiongoza nyumba, mtoto akimlea mtoto. Waliweza, ndiyo. Lakini kuweza si sawa na kustahili kubebeshwa. Mtoto aliyerukishwa utoto hajaufikia utu uzima mapema. Ameibiwa tu, na sisi tulimpigia makofi aliyeibiwa. Tulipaswa kuuliza: nani kati yetu atabeba bidoni moja ili msichana huyu acheze saa moja?

Tuje kwa mtu mzima. Wengi hudhani majira haya hayana shida, kwa kuwa mwenyewe ana nguvu. Lakini tazameni baba aliyekuwa na ng'ombe na shamba la maharagi Masisi. Leo anasimama na kadi mkononi, anahesabiwa, anaambiwa akae hapa, anaambiwa angoje kule. Watoto wake wanamwona. Kazi ya mtu mzima, alisema Erikson, ni kutunza na kuzaa matunda kwa ajili ya wajao. Ukimwondolea mtu nafasi ya kutoa, unamrudisha utotoni akiwa na ndevu zake, na wengine huanza kupiga wake zao ili wajisikie wakubwa. Tumeeleza chanzo, lakini hatujatoa ruhusa. Aibu inaeleza ngumi, haiitakasi.

Tena aibu hiyo ina dawa, ingawa ni ndogo. Tunamjua baba mmoja hapa ambaye hana kitu, lakini kila jioni hukusanya watoto wa mahema sita na kuwafundisha hesabu kwa mawe, maana alikuwa fundi wa kujenga na hesabu anaijua. Hakupata mshahara. Alipata jina: watoto wanamwita Mwalimu. Tunaona ya kwamba utu uzima hauko katika kumiliki tu. Uko pia katika kuwa mtu ambaye mwingine anamhitaji, na hiyo hata kambini hakuna anayeizuia.

Sasa uzee. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee wetu wako hapa na maneno yanaharibika, kwa sababu hakuna anayewauliza. Mke wa Erikson, Joan, aliishi zaidi ya mume wake, na mwaka 1997, akiwa na zaidi ya miaka tisini, aliongeza majira ya tisa. Alisema kwamba katika uzee mkubwa yale mapambano ya zamani hurudi tena. Tunaliona jambo hilo katika mahema yetu. Mzee ambaye hawezi kwenda msalani peke yake anapaswa kujifunza tena kile alichojifunza akiwa mchanga: kuiamini mikono ya mwingine. Kwa hiyo tukimlisha kwa kunung'unika, tunamfundisha mwisho wa maisha yake kwamba dunia haiaminiki. Ni ukatili huohuo wa kumwacha mtoto akilia.

Mwisho ni kufa. Julai 1994, kipindupindu kilipoingia katika kambi za Goma, watu wapatao 50,000 walikufa katika majuma machache. Ardhi kule ni mawe ya volkeno, haichimbiki, na maiti zilikusanywa kando ya barabara na kuzikwa pamoja. Wengi hawakuitwa hata majina. Tunalikumbuka jambo hili ili tujue kinachoogopwa na mzee anayekufa ugenini. Si kufa tu, maana anajua atakufa. Anaogopa kufa bila kuwa mtu wa mahali popote.

Basi turudi kwa mzee wetu. Katika siku zake za mwisho tulimtembelea, tukiwa tumeandaa maneno ya faraja juu ya kurudi nyumbani. Hakutaka kuyasikia. Alitaka mtu mwenye kalamu. Tulimwita kijana yule yule aliyetuuliza swali, maana mwandiko wake ni mzuri. Kwa jioni tatu mzee alitaja majina: ya vilima, ya vijito, ya baba zake mpaka wa saba, ya jirani wa kabila lingine aliyemficha mwaka 1993, na ya mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu mbuzi na hakumlipa. Juu ya yule wa mbuzi alisema, "Andika kwamba ninaomba msamaha. Watoto wake wakipatikana, wasomewe." Kisha akaomba waletwe watoto waliozaliwa hapa kambini, akawawekea mikono mmoja mmoja.

Hapo tulimkumbuka Yakobo. Maandiko yanasema alipofika Misri kwa sababu ya njaa alikuwa na miaka 130, na Farao alipomwuliza umri wake alijibu kwa uchungu, kwamba siku zake zilikuwa chache na mbaya. Kama kijana wetu angekuwepo, angeuliza: mzee huyu aliishi au alingoja? Lakini Yakobo alikaa ugenini miaka 17 mingine, na kabla ya kufa aliwaita wana wa Yusufu, waliozaliwa katika nchi ile ya kigeni, akawabariki kama wanawe mwenyewe. Hakusema, nitawabariki tukifika Kanaani.

Kwa hiyo, kijana wetu, hili ndilo jibu, nalo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mchungu: ndiyo, mzee alinyang'anywa mengi, na hatutakudanganya kwamba yote yamelipwa. Miaka ya kulima haikurudi. Wahubiri wanaosema kwamba hakuna kilichopotea wanawapunguzia mzigo wale walionyang'anya. Upande wa pili ni huu: kungoja na kuishi si vitu viwili visivyoweza kukaa katika hema moja. Mzee alingoja kurudi, na hakurudi. Lakini alitubu, alikumbuka, alibariki, na hayo hakuyaweka mpaka baadaye. Aliishi. Na wewe uliyeandika majina yale ni shahidi, na sasa daftari lile liko mikononi mwako.

Tumejifunza kupambanua. Yako yanayoweza kungoja: nyumba ya bati, shamba, hata haki ya mahakamani. Yako yasiyongoja: uji wa mtoto, mchezo wa msichana, heshima ya baba, sikio kwa mzee, mkono kwa anayekufa. Kambi ni ya mpito, lakini mtoto hakui kwa mpito, wala mtu hafi kwa mpito.

Kwa sababu hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana mambo matatu. Sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi itanunua unga wa sosoma kwa watoto walio chini ya miaka miwili, wa dini yoyote. Kila Jumamosi mchana wamama wawili watashika zamu ya kuchota maji kwa nyumba zinazotunzwa na watoto, ili watoto hao wacheze. Na vijana wenye kuandika vizuri watapewa madaftari, waende kwa wazee. Anayetaka kusaidia aonane na mashemasi baada ya ibada.

Yule msichana wa miaka kumi na mbili tulikwenda kumwomba radhi nyumbani kwao. Alicheka kidogo, akauliza kama Jumamosi ijayo kutakuwa na kamba ya kuruka. Tulimwambia itakuwepo. Tafadhali, mwenye kamba ailete.