Nambari Zi Wapi Sasa?

Alasiri moja nilikuwa Sib, Oman, kwa shangazi yangu, naye anampelekea mdogo wake pesa Unguja. Alibana kidole juu ya nambari ya akaunti aliyotumiwa kwa WhatsApp, akagusa "Nakili". Kabla hajafungua programu ya benki akaniuliza: "Mwanangu, hizi nambari zi wapi sasa?"

Zimo katika ubao wa kunakili, nikamwambia. Lakini swali lake halikuniacha. Nambari zile zimeshatoka zilikokuwa, hazijafika ziendako. Zi njiani, na kilicho njiani kina mwenyewe. Tangu jamaa zetu wahamie Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, barua ngapi zimevuka bahari mifukoni mwa wasafiri? Msafiri hakuwa na haki ya kuifungua eti kwa kuwa anayo yeye. Ilikuwa amana.

Lakini waundaji wa mifumo ya kompyuta waliufanya ubao huu baraza. Katika X11, mfumo wa madirisha wa 1987 ulioibeba Linux miaka mingi, programu yoyote iliyo wazi huweza kuomba ulichonakili ikapewa, wewe huna habari. Wayland, mrithi wake, kwa kawaida huipa tu ile programu unayoshughulika nayo wakati huo. Kwenye simu, Android 10 ilizifungia mlango programu zilizo nyuma mwaka 2019. Mwaka uliofuata watafiti walionyesha kwamba programu nyingi za iPhone, TikTok ikiwemo, zilikuwa zikichungulia. iOS 14 ikaanza kutangaza kila ubao unaposomwa. Tangazo lile lilifichua mengi, ila huja barua imeshasomwa. iOS 16 ikauliza kwanza, na hilo ni bora, ingawa mtu akiulizwa kutwa huishia kukubali bila kutazama.

Mimi naona ruhusa imo katika kitendo chenyewe. Kidole kinapogusa "Bandika" kimeshasema apewe nani, na lini. Kazi ya mfumo ni kukitii kidole hicho, usimsikilize mwingine.

Shangazi akabandika. Nikamwomba azilinganishe, maana zipo programu ovu zinazobadili kilichonakiliwa. Akavaa miwani, akazisoma moja moja kwa sauti, akatuma.

"Na kule ubaoni zimetoka?"

Hazikuwa zimetoka, simu yake ni ya zamani, ubao wake haujifuti. Nikaandika "salamu", nikainakili juu ya nambari zile.