Kakimbie, Utalala

Sema tu Sotik kwamba hulali kwa sababu ya depresheni, na kabla hujamaliza kuna mtu atakwambia ukakimbie. "Piga tizi, boss. Jikaze." Ushauri huo una mizizi hapa. Hii ni nchi ya Wakipsigis, watu waliomtoa Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki (shaba, mita 800, Tokyo 1964). Vilima viko, hewa iko, na barabara za vumbi kati ya mashamba ya chai hazidai ada ya jimu. Kwa hivyo siulizi kama ushauri huo ni wa kweli. Ni wa kweli. Nauliza kama tuna haki ya kuutoa jinsi tunavyoutoa.

Depresheni (Watanzania wana neno zuri, sonona; sisi tunajificha nyuma ya "stresi") huharibu usingizi kwa njia zake. Kuna anayelala mchana kutwa na bado anaamka amechoka. Kuna anayeshtuka saa tisa usiku na kuhesabu madeni na makosa mpaka jogoo awike. Mazoezi ya erobiki, yale ambayo katikati yake bado unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, husaidia hapo kwa namna kadhaa. Ubongo ukitumia nguvu, adenosini hujikusanya ndani yake na kukuvuta ulale. Siku ya jasho huongeza mvuto huo. Joto la mwili hupanda kisha hushuka, na kule kushuka huuambia mwili kwamba usiku umefika. Ukitoka asubuhi, mwanga hurekebisha saa ya mwili. Kejeli ya Sotik ni kwamba kafeini iliyo kwenye chai yetu hufanya kazi kwa kuizibia njia adenosini hiyohiyo. Kikombe cha saa mbili usiku kinaweza kubomoa kilichojengwa na mbio za asubuhi.

Mwaka 1999, James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye depresheni, wote wa miaka 50 na zaidi. Baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliomeza sertralini, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Wanaopenda kuutaja utafiti huu husahau jambo moja: wale watu hawakuambiwa tu wakakimbie. Walikuwa kikundi, mara tatu kwa wiki, na msimamizi akiwangoja.

Sasa mtazame mchumaji chai. Anapanda na kushuka mteremko tangu asubuhi, kikapu mgongoni, analipwa kwa kilo. Kama jasho peke yake lingetosha, Sotik ingekuwa mji wa watu wanaolala fofofo. Kule Norway, Samuel Harvey na wenzake waliwachunguza watu zaidi ya 40,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waliojishughulisha kimwili wakati wao wa mapumziko walikuwa na depresheni kidogo zaidi, hata kama shughuli yenyewe ilikuwa nyepesi. Shughuli za kazini hazikuonyesha uhusiano huo. Na sehemu ya tofauti ilielezwa na urafiki na kuungwa mkono na watu, kuliko na mapigo ya moyo.

Hapo ndipo "jikaze" inaponikera. Ugonjwa huu hula utashi wenyewe, halafu sisi tunamdai mgonjwa alipe kwa utashi. Asipokimbia, tunasema hataki kupona. Kenya ina mazoea ya kuufanya ugonjwa kuwa utovu wa nidhamu: mpaka Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotangaza kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujiua angeweza kutoka hospitali akaingia kizimbani. "Jikaze" ni kifungu hichohicho, ila hakina mahakama.

Lakini kunyamaza pia si heshima. Ukimficha mgonjwa dawa ya kweli kwa kuogopa kumkwaza, umeshaamua kwamba hawezi lolote. Tofauti naiona kwenye sarufi. Ile -ka- ndogo katika "kakimbie" humtuma mtu aende zake. "Twende" inakulazimu na wewe utafute raba zako, uamke saa kumi na mbili, usimame mlangoni kwake kwenye ukungu, na leo akikataa urudi kesho bila kununa. Na zikipita wiki kadhaa bila usingizi, au akianza kuongea habari za kufa, "twende" hiyohiyo iwafikishe hospitalini siku hiyohiyo. Mbio hazichukui nafasi ya daktari. Hii ni gharama, na nashuku ndiyo maana tunapenda kutoa ushauri.

Kwa mchumaji, hata "twende" hugonga mwamba. Akishapimiwa majani kuna kuni, kuna watoto, kuna chakula cha jioni. Ukimwambia aongeze dakika 150 za mazoezi kwa wiki, zile ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, atakucheka, na ana haki. Miguu yake imeshafanya yake. Anachokosa ni saa ambayo ni yake na watu wa kuitumia nao: Jumapili baada ya kanisa, kutembea polepole na wenzake hadi sokoni, mgongo mtupu, bila mizani kumngoja huko mwisho.