Ngoma na Kisu

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Isebania,

Tumeulizwa: je, yafaa kutazama ngoma za jirani zetu Wakuria? Twajibu, tusiharakishe kuharamisha. Wahabeshi walicheza kwa mikuki katika msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha naye akitazama, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Mzee akipiga litungu lake la nyuzi nane, akaimba habari za watu wake wa huku na wa Tarime ng'ambo ya mpaka, hatuoni ubaya.

Linalotutisha ni jingine. Katika likizo za Desemba hupita msafara kwa nyimbo na fimbo, na katikati yumo msichana aliyepambwa leso na noti, ametoka kukatwa. Sheria ya Kenya imelikataza jambo hilo tangu mwaka 2011. Na wapo miongoni mwetu waliitao suna! Qurani haikuliamrisha, wala haikuthibiti kwamba Mtume aliwatahiri binti zake. Nasi tulinyamaza mimbarini kwa kuona haya, Mungu atusamehe.

Basi msafara ukipita mlangoni pako, usitoe noti ya kutuza. Na binti wa jirani akikukimbilia usiku, mfungulie.